Distribyuta mpya kwenye alama ya zamani: kisa cha injini ya Beetle 1600

Gari ni Volkswagen Beetle ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, kabureta 34 PICT-3. Lilikuwa likitembea vizuri mpaka distribyuta yake ya asili (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), ile yenye mipira miwili ya vakyumu, yaani mabomba membamba ya mvuto wa hewa kutoka kabureta, ilipoanza kulegea shafti. Ikatolewa, ikafungwa Bosch 009, ambayo haina vakyumu kabisa. Siku hiyohiyo zikabadilishwa koili, plagi na waya za plagi. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza tu, na kwa sababu iliwaka, kazi ikahesabiwa imekwisha.

Wiki ya kwanza gari lilikuwa zito mlimani. Ekseleta inakanyagwa mpaka chini, mwendo hauji. Likisimama baada ya safari fupi, fimbo ya kupimia oili inakuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Baadaye distribyuta ikalegezwa na kuzungushwa kwa kusikiliza, mpaka mlio wa injini ukawa mtamu na mzunguko ukapanda. Nguvu ikarudi kiasi, lakini zikaja dalili nyingine: mlimani, mguu ukiwa chini, injini inatoa mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo; na ukitaka kuiwasha ikiwa moto, starta inashikwa, kama kuna kitu kinapiga teke krankshafti, shafti kuu ya injini, kurudi nyuma. Juu ya hayo, sailensa ilikaa kwenye mizunguko 1200 kwa dakika na ikikatalia kushuka bila injini kuzima. (Sailensa hapa ni kwa maana ya kifundi: injini inaunguruma bila mguu kugusa ekseleta. Siyo bomba la moshi.)

Kwa hiyo tuna injini moja, sehemu zilezile, na makundi mawili ya dalili yanayopingana. La kwanza ni la moto unaochelewa, yaani cheche ya plagi kutoka kwa kuchelewa, la pili ni la moto unaowahi. Anayekutana na gari hili wiki ya pili tu hatajua kwamba limepita kote kuwili, na ndiyo maana inafaa kuanza na swali la nini kilifungwa na kilipangwa kwa namba gani, kabla ya kushika spana.

Namba ilitoka wapi

Aliyefunga distribyuta alifanya jambo la busara: alitafuta namba ya taimingi (wakati wa cheche kutoka) ya gari hilo, akaipata, akaifuata. Namba ni digrii 5 za mzunguko wa krankshafti baada ya kilele, yaani cheche inatoka pistoni ikiwa imeshafika juu kabisa na kuanza kushuka, injini ikiwa sailensa na mipira yote miwili ikiwa imechomekwa. Alama ya digrii hizo ipo kwenye puli ya injini hizi. Akailinganisha na mwanya wa kati wa blok, pale nusu mbili za blok zinapokutana nyuma ya puli, akakaza.

Namba ni sahihi. Ila ni namba ya distribyuta iliyotolewa.

Ile ya zamani ina mpira mmoja wa vakyumu unaoufanya moto uwahi ukianza kukanyaga mafuta, na mwingine unaourudisha nyuma injini ikiwa sailensa ili kupunguza hewa chafu. Digrii 5 baada ya kilele ni hali ya pale sailensani tu, mpira wa pili ukiwa unavuta. Ukikanyaga kidogo mvuto ule unakatika, na moto unaruka mbele digrii kumi hivi hata kabla vizito vya ndani, vile vinavyowahisha moto kadiri mzunguko unavyopanda, havijafanya kazi ya maana. Bosch 009 haina msaada huo. Ina vizito viwili na springi zake basi, na vizito hivyo huongeza digrii 21 hadi 24 za krankshafti kutoka sailensa mpaka mwisho. Ukiianzisha digrii 7.5 kabla ya kilele, inaishia kati ya 28 na 32, mahali ambapo injini hii inapataka. Ukiianzisha digrii 5 baada ya kilele, inaishia 18 hivi. Kila shetani na mbuyu wake, na kila distribyuta na namba yake.

Upungufu wa digrii 12 siyo mdogo. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauripuki papo hapo, unaungua, na kuungua kunachukua muda. Cheche hutangulia ili msukumo mkubwa kabisa umfikie pistoni akiwa amepita kilele kidogo tu. Cheche ikichelewa, moto bado unawaka vali ya moshi inapofunguka. Joto ambalo lingesukuma pistoni linapita kwenye vali na hedi. Injini ya maji ina rejeta ya kuficha kosa hilo kwa muda. Hii ina feni na oili, kwa hiyo kosa linajionyesha kwenye fimbo ya oili.

Vipimo vilisema nini

Kabla ya kugusa chochote, hali ilipimwa kama ilivyokuwa. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ni hasara, maana ukishalegeza distribyuta ushahidi umepotea.

Taa ya taimingi, inayomulika puli kila cheche inapotoka, iliyofungwa kwenye waya wa plagi namba 1 ilionyesha digrii 20 kabla ya kilele kwa mizunguko 1200. Injini ilipopandishwa polepole mpaka alama ikaacha kusogea, karibu na mizunguko 3500, taa ilionyesha digrii 40. Hapo kokoto za mlimani na teke la starta vyote vikapata maelezo. Kwa digrii 40 na ekseleta ikiwa wazi kabisa, cheche inatoka mapema mno: msukumo unajengeka pistoni ikiwa bado inapanda, na mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto unaripuka wenyewe. Mlio ule ndio huo. Ukiachwa unatoboa pistoni.

Jambo la kuangalia ni tofauti kati ya vipimo viwili: kutoka 20 hadi 40 ni digrii 20 tu, wakati distribyuta hii inapaswa kuongeza angalau 21. Je, vizito vimekwama? Hapana. Kwa mizunguko 1200 vizito vilikuwa vimeshaanza kufunguka, kwa hiyo ile 20 haikuwa taimingi ya mwanzo. Sailensa iliposhushwa mpaka 850 kwa muda mfupi, kwa kuishikilia isizime, taa ilisoma 17. Kutoka 17 hadi 40 ni 23, vizito vizima. Anayepanga taimingi ya sailensa kwenye injini inayozunguka 1200 anajipunja digrii tatu bila kujua.

Mbona sailensa ilikuwa juu? Kabureta ilikuwa na chuchu mbili, vijibomba vya kuchomekea mipira ya zamani. Moja ilizibwa. Nyingine, ile ya kurudisha moto nyuma, iliyo upande wa chini wa kipepeo cha kabureta (kibao kinachofungua njia ya hewa), iliachwa wazi na ilikuwa ikivuta hewa muda wote. Mchanganyiko ukawa mwepesi, injini ikatetemeka, na dawa ikawa kuifungua skuru ya kipepeo. Kwenye 34 PICT-3 skuru hiyo siyo ya sailensa. Sailensa hupangwa kwa skuru mbili za pembeni: kubwa ni ya hewa inayopita kando ya kipepeo, ndogo ni ya mchanganyiko.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha platini, swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili ili cheche itoke. Distribyuta ilikuwa mpya, na wengi huamini kwamba mpya imeshapangwa. Nafasi ya platini ilikuwa milimita 0.55 badala ya 0.40, na mita ya dweli, inayopima digrii ambazo platini hukaa zimefunga, ilisoma 43 badala ya 50.

Kwa nini sikio lilidanganya

Kupanga kwa sikio kuna heshima yake, na kunatosha kumfikisha mtu nyumbani. Lakini sikio linasikiliza sailensa. Injini ikiwa haina mzigo, kadiri unavyowahisha moto ndivyo inavyozunguka kwa wepesi na mlio kuwa laini. Inaendelea kufurahia hata ukipita 15. Haina namna ya kukuambia kwamba ndani ya distribyuta kuna digrii 23 nyingine zinazosubiri. Kwa 009 hesabu ni ya darasa la kwanza: 17 jumlisha 23.

Kinachoua injini au kuiokoa ni taimingi ya juu, ile ya mwisho wa vizito. Ya sailensa ni matokeo tu. Ndiyo maana 009 hupangwa kwa kutazama juu kwanza, na sailensa inaachwa iangukie inapoangukia, mradi isiwe mbali na 7.

Marekebisho, kwa mpangilio wake

Mpangilio una maana kuliko ustadi. Kila kitu kinachosogeza taimingi lazima kimalizwe kabla ya taimingi yenyewe.

Vali zilikaguliwa kwanza, injini ikiwa baridi kabisa, nafasi milimita 0.15. Kisha ikahakikishwa kwamba alama ya kilele kwenye puli ni ya kweli. Puli za injini hizi zilitoka kiwandani na alama tofautitofauti kufuatana na mwaka: nyingine ina mkato mmoja, nyingine miwili au mitatu, na hakuna anayejua puli iliyopo ilitoka kwenye injini gani. Plagi zote zinatolewa, kizuizi kisicho na ncha kali kinafungwa kwenye tundu la plagi namba 1, puli inazungushwa kwa mkono polepole mpaka pistoni iguse, inawekwa alama ya chaki mbele ya mwanya wa blok. Inazungushwa upande wa pili mpaka iguse tena, alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiko kilele kiliko. Starta isitumike hata kidogo kwa kazi hii; itapinda kitu.

Kilele kikishapatikana, digrii 30 zinapimwa kwa utepe wa karatasi. Puli ya kawaida ina kipenyo cha milimita 175 hivi. Zidisha kwa 3.14, gawa kwa 360, unapata milimita 1.53 kwa digrii. Digrii 30 ni milimita 46 bila kidogo, na 7.5 ni milimita 11.5. Pima puli yako mwenyewe, maana kuna za kununua zilizo ndogo. Puli inazunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka nyuma ya gari, kwa hiyo alama za kabla ya kilele zinakaa kulia kwa alama ya kilele. Ukizichora kushoto utakuwa umechora digrii 30 baada ya kilele, na utashangaa kwa nini hazionekani kwenye taa. Rangi nyeupe, mstari mwembamba: mstari mnene wa milimita 3 ni kosa la digrii mbili.

Platini zikafuata. Kifuniko kikatolewa, puli ikazungushwa mpaka kisigino cha platini kikakaa juu kabisa ya nundu ya shafti, fila geji ya milimita 0.40 ikapitishwa, skuru ikakazwa, halafu ikapimwa upya, kwa sababu kukaza hubana nafasi. Tone dogo la grisi likapakwa kwenye nundu. Dweli ikasoma 50. Sasa tazama: bila distribyuta kuguswa, taimingi ya sailensa ilishuka kutoka 17 hadi 10. Nafasi kubwa huzifungua platini mapema, na cheche hutoka zinapofunguka. Digrii moja ya dweli ni karibu digrii moja ya taimingi. Digrii saba za kosa zilikuwa zimejificha kwenye kipande kisichozidi unene wa karatasi mbili. Aliyepanga taimingi kwanza na platini baadaye hufanya kazi mara mbili, au huifanya mara moja na kuiharibu.

Koili mpya nayo ilikaguliwa haraka. Koili ya mfumo wa platini inapaswa kuwa na omu 3 au zaidi kati ya ncha zake namba 15 na namba 1. Yenye ukinzani mdogo huzichoma platini. Hii ilisoma 3.2, na waya wa distribyuta ulikuwa kwenye namba 1 kama inavyotakiwa.

Chuchu zote mbili za vakyumu zikazibwa kwa vifuniko vya mpira. Skuru ya kipepeo ikarudishwa nyuma mpaka isiguse, kisha ikasogezwa mpaka iguse tu na robo mzunguko zaidi. Skuru ndogo ikafungwa taratibu hadi mwisho na kurudishwa mizunguko miwili na nusu. Injini ilipopata moto, sailensa ikashushwa hadi 850 kwa skuru kubwa.

Hapo ndipo distribyuta ilipolegezwa, kiasi tu cha kuzunguka kwa mkono kwa uzito. Rota ya injini hii, kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, inazunguka kulia, kwa hiyo kuizungusha distribyuta kushoto kunawahisha moto na kuizungusha kulia kunauchelewesha. Injini ikapandishwa mpaka alama ikaacha kusogea, distribyuta ikazungushwa kulia kidogo mpaka mstari wa 30 ukasimama kwenye mwanya wa blok, ikakazwa, ikapimwa tena. Kukaza nati husogeza distribyuta zaidi ya unavyodhani. Sailensa ikaangukia 7 kabla ya kilele. Juu 30, chini 7, kati yake 23.

Mikono, nywele na waya za taa viwe mbali na mkanda wa feni. Na ukitazama mstari kwenye taa, usiangalie mahali ulipo tu, angalia kama umetulia. Mstari unaorukaruka digrii tatu au nne unasema bushi za distribyuta zimekwisha, na hiyo haina namba ya kupanga.

Pale ambapo injini haiwaki kabisa na taa ya taimingi haina maana, njia ni balbu ya volti 12: upande mmoja kwenye namba 1 ya koili, mwingine kwenye bodi ya gari. Swichi ikiwa imewashwa, balbu inawaka pale platini zinapofunguka. Weka puli kwenye 7.5 kabla ya kilele, silinda namba 1 ikiwa inabana na rota ikielekea mkato wa ukingo wa distribyuta, kisha izungushe distribyuta mpaka balbu iwake. Hakikisha ni namba 1. Alama ya puli inarudi kila mzunguko, na mzunguko mmoja baadaye ni zamu ya namba 3, kwa sababu mpangilio wa moto ni 1-4-3-2. Kama rota inaelekea mahali pa ajabu, gia ya chini ya distribyuta iliwekwa vibaya: silinda 1 ikiwa kileleni, mfereji wake unapaswa kukaa kukatiza mwanya wa blok, sehemu nyembamba ikielekea puli. Kuitoa gia hiyo ni kazi ya tahadhari, maana chini yake kuna washa zinazopenda kudondokea ndani ya blok.

Kukohoa kulikobaki

Joto likapungua, kokoto zikanyamaza, starta ikawa nyepesi. Kikabaki kitu kimoja: ukikanyaga kutoka sailensa, injini inazubaa nusu sekunde, inakohoa, kisha inaondoka. Wengi hurudi kwenye distribyuta hapa na kuiwahisha tena "kidogo tu", na kidogo hicho ndicho kinachorudisha gari kwenye digrii 40.

Sababu iko kwenye ndoa yenyewe. Kabureta 34 PICT-3 ilitengenezwa kwa distribyuta ya vakyumu, inayowahisha moto papo hapo kipepeo kinapofunguka. 009 inangoja mzunguko upande ndipo vizito vifunguke, na mzunguko haupandi mpaka moto uwahi. Pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa kuongeza mpigo wa pampu ya ekseleta na kuweka jeti ya sailensa (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa kidogo, 60 badala ya 55. Linapungua, haliishi, na petroli inaongezeka.

Ushauri ulio wa haki kwa injini hii ni kuirudishia distribyuta yenye mpira mmoja wa vakyumu pamoja na vizito. Namba yake: 7.5 kabla ya kilele kwa mizunguko 850, mpira ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Angalia juu pia, mpira ukiwa bado umechomolewa, isizidi 32. Kisha rudisha mpira. Usishtuke taa ikionyesha 40 na zaidi gari likitembea kwa mguu mwepesi. Kipepeo kikiwa kimefunguka kidogo, silinda hujaa kidogo, mchanganyiko huungua polepole na unahitaji kutanguliwa. Ukikanyaga mpaka chini vakyumu inaanguka, na moto unarudi kwenye vizito peke yake. Digrii 40 ileile iliyokuwa ikiigonga injini mlimani ni salama hapa kwa sababu hiyo tu.

Kama 009 itabaki, platini zipimwe tena baada ya kilomita 500. Kisigino kipya huchakaa haraka mwanzoni, nafasi inapungua, dweli inapanda na moto unachelewa. Injini itakuwa nzito tena taratibu, bila mtu kugusa kitu.